Leso Iliyotufuata hadi Jeddah

Walionisoma wiki iliyopita waliniacha nyuma ya jengo moja hapa Al Muraqqabat, nimepakwa vumbi usoni, nimeinua kidole gumba, najifanya nasimamisha lori huko Djibouti. Sijasogea. Kidole bado kiko juu.

Wewe uliyechelewa, sogea nikuambie kwa ufupi. Mimi ni Justus, mtoto wa Teresiah wa nje kidogo ya Nanyuki. Hapa Dubai nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja kule Al Garhoud. Desemba ya mwaka jana nilimwambia mama naja nyumbani. Akapaka nyumba rangi, akachinja mbuzi wawili, akaita kanisa zima. Sufuria zikiwa motoni, likizo yangu ikafutwa. Wageni walikula kimya kimya, wakanawa mikono, wakaenda zao.

Tangu siku hiyo kijijini hawamwiti tena Mama Justus. Wanamwita Mama Kesho, kwa sababu kila walipouliza nafika lini, jibu lake lilikuwa hilo moja. Aliyelitunga jina ni Mama Yekoniya, mwenyekiti wa kikundi cha maombi.

Mwaka huu likizo ikaanza kusuasua tena. Sikuwa na moyo wa kumwambia mama. Ndipo rafiki zangu wawili, Chacha na Carolyne, wakanishauri nirudi nyumbani kwa lifti. Si kwa barabara. Kwa simu.

"Unasema umetoka Dubai na begi mgongoni, unaomba malori," Chacha aliniambia. "Riyadh, Jeddah, meli mpaka Djibouti, Addis, Moyale. Hiyo safari inakula wiki tatu. Kufikia hapo bosi wako amesign likizo. Unapanda ndege, unashukia Nairobi, unajipaka vumbi, unafika home kama shujaa."

Niliona ni akili. Nakiri mbele yenu. Uongo ukishauriwa na rafiki huonekana umekomaa kuliko ule unaojitungia mwenyewe.

Chacha ndiye mlinzi wa jengo hilo la Al Muraqqabat, na funguo za uchochoro wa nyuma anazo yeye. Carolyne, mhudumu wa mkahawa kule Karama, ndiye mwenye simu inayopiga picha safi. Tukigeuza kona na kuhamisha mapipa ya taka, uchochoro huo mmoja ulikuwa Riyadh, ukawa Jeddah, na asubuhi hiyo ya Alhamisi ukawa Djibouti.

Na watu walitutazama! Kijijini kidole changu kilipata umaarufu kunishinda mimi. Ni gumba la mkono wa kulia, fupi, nusu yake ilibaki kwenye mashine ya kukata majani ya ng'ombe nikiwa darasa la pili. Mashine yenyewe ilikuwa ya Mama Yekoniya, na ni yeye aliyekifunga kitambaa siku ile. Kila nikikiinua kwenye video anaandika chini: "Hicho nakijua!"

Basi twende Djibouti, maana nilishatangaza kwamba Alhamisi niko huko na Jumapili navuka mpaka wa Moyale.

"Jasho halionekani," Carolyne akalalamika. "Justus, hii ni Djibouti, si friji."

Chacha akanimwagia chupa nzima ya maji kichwani. Desemba hapa ina kibaridi chake. Nikatetemeka.

"Usitetemeke! Nani anatetemeka Djibouti?"

"Mwenye malaria," nikamjibu.

Hapo ndipo sauti ilipotushukia kutoka juu.

"Nyie wasafiri! Jeddah mmeondoka lini?"

Tukainua vichwa. Kwenye roshani ya ghorofa ya pili alisimama bibi mmoja mwembamba, miwani puani, kibanio cha nguo mkononi, anaanika. Chacha akabadilika rangi.

"Ni Bi Masuda," akanong'ona. "Mzanzibari wa nyumba namba mia mbili na tatu. Ameishi hili jengo miaka thelathini. Manze, kazi yangu imeisha."

"Pandeni juu!" Bi Masuda akaamuru. "Na huyo wa Djibouti ajifute maji kwanza, zulia langu jipya."

Tulipanda ngazi kama watu wanaokwenda kuchanjwa. Mlango ulikuwa wazi. Bi Masuda ameshakaa, birika la kahawa mbele yake, sahani ya halua kando.

"Habari yako, mama," Chacha akaanza.

Kimya.

"Good morning, madam," Carolyne akajaribu.

Kimya zaidi.

"Shikamoo, bibi," nikasema mimi, nikikumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili na kiboko chake.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe mmoja kalelewa. Kaeni kitako."

Akachukua tableti yake, akaifuta kwa ncha ya kanga, akabonyeza. Nikatokea mimi, kidole juu, nikisema nipo Riyadh na Mungu ni mwema.

"Nini hicho nyuma ya kichwa chako?"

"Dirisha, bibi."

"Juu ya dirisha."

"Ni... leso tu imeanikwa."

"Kanga. Isome."

Wiki mbili nilikuwa nimeitazama video hiyo, na sikuwahi kuisoma ile nguo. Nikaikuza kwa vidole viwili. Iliandikwa: MWENYE MACHO HAAMBIWI TAZAMA.

"Haya, na hii Jeddah yenu."

Leso nyingine, nyekundu, kamba ile ile. NJIA YA MWONGO FUPI.

Carolyne akashika kichwa. "Watu elfu sita wameona hiyo kitu!"

"Mwanamke wa Unguja akiwa na neno na jirani yake hapigi makelele dirishani," Bi Masuda akasema. "Anavaa, au anatundika. Siku ya kwanza nakusikieni chini hapo mnasema mpo Riyadh, nikasema hawa watoto wamepatwa na nini? Nikakutundikieni. Hamkusoma. Siku ya pili nikatundika ya ukali zaidi. Hamkusoma! Neno nimewapa nyie, nyie mkaenda kuionyesha dunia."

Kwetu bara leso ni ya kubebea mtoto, kufungia mzigo na kumpangusia mgeni kiti. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba leso inaweza kunisema mimi.

"Bibi, tafadhali," Chacha akaomba, "usimwambie mwenye jengo."

"Nikikusema nipate nini? Mizigo yangu ya sokoni atanipandishia nani?" Akammiminia kahawa. "Isitoshe, hata uongo wenyewe hamuujui. Mtu yuko njiani wiki mbili, fulana imepigwa pasi! Mwenye kupanda lifti hunuka, wanangu. Mimi najua."

"Unajua aje?" Carolyne akauliza.

"Mwaka sabini na moja nimetoka Cairo kuja hapa kwa lifti. Mimi, marehemu mume wangu, na rafiki yake Nasifu. Wao wamemaliza masomo, mimi bi harusi wa miezi minne. Meli hadi Beirut. Beirut hadi Baghdad tumepakiwa na mahipi."

"Mahipi?"

"Wazungu wenye nywele hadi hapa," akagusa kiuno. "Gari wamelichora maua, wanakwenda India kutafuta sijui nini. Watu wazuri, masikini, ila kupika hawajui. Nimewapikia wali siku tisa. Siku ya kuachana wamelia, na nahisi waliulilia wali."

Tukacheka. Yeye akaendelea kwa uso mkavu.

"Baghdad tukakwama. Nasifu, kwa wema wake, akamwandikia mama yangu Unguja kwamba tumeshafika Dubai, salama salimini. Mama kupata barua ile akaacha kutuombea dua, akaanza kuagiza vitambaa. Vitambaa! Nami sina hata viatu. Miezi mitatu mamangu hakutuombea, kwa sababu mtoto wa watu alitaka kumfurahisha. Sijapata kumsamehe Nasifu, na amekufa." Akanisogezea kikombe. "Mpigie mama yako umwambie ukweli. Kabla kahawa haijapoa."

Nikaitoa simu. Nitamwambiaje kwamba mwana aliyemwaibisha kwa kutokuja, sasa amemwaibisha kwa kuja?

Simu ikalia yenyewe. Walid, msimamizi wangu wa dobi.

"Justus! Likizo yako, khalas, imepita! Tiketi kesho Ijumaa, saa nane mchana, Nairobi. Nimetuma kwa simu yako. Usikose, habibi. Hii tiketi no change. Ukikosa, unasubiri Aprili. Yalla!"

Nilipiga ukelele hata njiwa wa dirishani wakaruka. Chacha akacheza, Carolyne akamkumbatia Bi Masuda, na Bi Masuda akakubali kukumbatiwa kwa sekunde mbili kamili.

"Nimekwambia!" Chacha akawa anapiga meza. "Plan imeiva! Jumamosi uko kwenu, vumbi kidogo kwa shati, story imeisha. Nani anahitaji kuungama?"

Na mimi, ndugu msomaji, nikakubaliana naye. Dakika moja tu baada ya kisa cha Nasifu. Ndivyo nilivyo.

"Kahawa inapoa," Bi Masuda akasema.

"Nitampigia kumsalimia tu, bibi. Ukweli nitamwambia nikifika, uso kwa uso. Si ndio heshima?"

Kabla hajanijibu simu ikalia tena, kwa picha. Ni mama. Nikapokea. Upepo ulikuwa unampiga kitambaa cha kichwa, na nyuma yake nikaona ubavu wa lori na wanawake watatu wamejipanga.

"Justus! Salimia wamama!"

"Hamjambo wamama... Mama, mko wapi hapo?"

"Moyale!"

Nilidhani mtandao unanichezea. Uso wa Mama Yekoniya ukajaa kwenye kioo.

"Kijana anakuja kwa lifti, sisi tumngoje tumekunja mikono? Tumekuja kukupokea mpakani! Na sisi ni kwa lifti! Lori linaenda kuchukua ng'ombe, likatubeba kutoka Isiolo mpaka hapa. Ebu inua hicho kidole tukione!"

Nikakiinua. Wakapiga vigelegele.

Mama yangu alikuwa hajawahi kuvuka Isiolo maishani mwake. Ana mgongo unaomuuma hata ibada ikirefuka. Na mimi, nikiwa nakula halua, nimempandisha lori la ng'ombe akavuka nchi kavu yote ile. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na bado kidole nilikuwa nimekiinua.

"Ngojeni nitafute network pale," nikamsikia mama akiwaambia wenzake. Picha ikatikisika, akazunguka nyuma ya lori. Alipotulia, tabasamu lilikuwa limetoka usoni.

"Uko peke yako?"

"Ndio, mama." Tulikuwa wanne tumeizunguka simu moja.

"Djibouti kukoje?"

"Kuna joto, mama."

"Justus."

"Eeh, mama."

"Leso ya kwanza ilikuwa Riyadh. Ya pili ikawa Jeddah. Na dirisha ni lile lile, limepasuka kona ya chini. Ama hilo dirisha pia linapewa lifti?"

Bi Masuda akajiziba mdomo kwa kanga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mama... uliisoma?"

"Mimi niliisoma. Wewe na hao wenzako mlisoma nini shuleni?"

Carolyne akainama chini ya meza.

"Sasa kama ulijua, mbona ukaenda Moyale?"

"Ningefanya nini? Mama Yekoniya alisimama kanisani akasema twende tumpokee mpakani. Wote wakageuka wakanitazama. Nilikuwa niwaambie hakuna safari, hakuna kijana? Nikaenda nikafunga mzigo. Nikapanda lori."

"Nisamehe, mama."

"Utaomba msamaha ukifika. Mgongo unaniuma, na nimekasirika, na hawa wamama hawajui kitu. Ulisema Jumapili utavuka mpaka kutoka Ethiopia. Kuna kanisa hapa limetupa mahali pa kulala mpaka Jumapili. Nataka uonekane ukitokea upande ule, na miguu yako, na hao wakiona. Sitaki kujua utafikaje."

"Mama, tiketi yangu ni ya Nairobi, na hawakubali—"

"Justus." Sauti ikashuka, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Usinifanye Mama Kesho tena."

Akakata.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nililia juu ya sahani ya halua ya watu mpaka Chacha akaisogeza pembeni isiharibike.

Wa kwanza kusema alikuwa yeye. "Sikiza. Kesho jioni umetua Nairobi. Unachukua basi hapo hapo, Jumamosi uko Moyale. Unavuka kwenda Ethiopia, Mkenya hata visa hahitaji. Unalala upande ule. Jumapili unarudi. Umetokea Ethiopia ama hujatokea?"

"Enyewe," Carolyne akasema.

"Enyewe nini? Barabara ya kwenda mpakani ni moja, na wamama wameketi kando yake! Nitawapitaje Jumamosi bila kuonekana?"

Nikamgeukia Bi Masuda, nikingoja anikaripie, maana nilistahili.

"Sema tu, bibi. Si ulitaka niseme kweli?"

"Kweli mama yako anayo tangu Jeddah," akasema. "Kilichobaki ni heshima yake, na hiyo umeivunja wewe, basi kaiunge wewe."

Akainuka, akaingia chumbani. Tukasikia kabati likifunguliwa. Akatoka na buibui jeusi mkononi, na nikabu juu yake.

"Huko Moyale kuna wanawake wa Kiislamu?"

"Wamejaa, bibi."

"Basi simama nikupime."

Nikavishwa. Buibui likanikomea kwenye muundi. Bi Masuda akapiga magoti, akafumua upindo mpaka likafika chini. Nikafungwa nikabu, nikabaki macho.

"Tembea."

Nikatembea.

"Hatua ndogo! Unakwenda mpakani, hukimbizi mwizi. Inamisha mabega. Kidogo. Hivyo. Viatu unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na nne."

Akaketi kidogo, akatafakari, akasema upindo utafika chini zaidi.

Carolyne alikuwa ameshainua simu kurekodi. Bi Masuda akamtazama mara moja, ikarudi mfukoni. Chacha akanizunguka mara mbili, akasema hata yeye angenifungulia mlango na kuniita madam. Kwa mara ya kwanza tangu mama akate simu, nikacheka. Nikaanza kuamini. Nitawapita wamama wale watatu na mama yangu mzazi, polepole, macho chini, na Jumapili nitarudi na fulana yangu chafu na mama atatembea kijijini kichwa juu.

Simu ikatoa mlio. Ni ujumbe wa mama. Nikausoma nikiwa ndani ya nikabu.

"Mama Yekoniya anaogopa utatupita bila sisi kujua. Amesema kuanzia kesho tujipange pande zote mbili za barabara. Kila anayepita, mwanaume kwa mwanamke, wa kwenda na wa kurudi, tunamsalimia kwa mkono."

Nikamsomea kila mtu kwa sauti.

"Atavaa glavu," Chacha akasema haraka.

"Glavu haioteshi kidole," Bi Masuda akajibu.

Wote watatu wakautazama mkono wangu wa kulia. Nikautoa polepole kwenye buibui, nikakiangalia kile kidole gumba ambacho Mama Yekoniya alikifunga kitambaa kwa mikono yake mwenyewe.